Nani mwenye jina la Sidamo? Kahawa ya Ethiopia mbele ya msajili wa Marekani

Mwaka 2004 Starbucks, kampuni ya maduka ya kahawa yenye makao yake Seattle, ilipeleka ombi USPTO, ofisi ya hataza na alama za biashara ya Marekani, kusajili jina la kahawa yake mpya: Shirkina Sun-Dried Sidamo. Shirkina ni Kiamhari, maana yake ushirika, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kuuona undugu. Maneno yote mawili yametoka kwenye shina moja la Kiarabu. Sun-Dried ni maelezo tu, kwamba kahawa ilianikwa juani. Sidamo ni eneo la kusini mwa Ethiopia ambako kahawa yenyewe ilichumwa. Dukani iliuzwa kwa bei iliyofika dola 26 kwa ratili. Mkulima, kwa hesabu zilizokuwa zikitajwa na wanakampeni wakati huo, alipata kati ya senti 60 na dola 1.10 kwa ratili hiyohiyo.

Machi 2005 Ethiopia yenyewe ikabisha hodi kwenye ofisi ileile. Ilileta majina matatu: Yirgacheffe, Harrar na Sidamo. Kwa hilo la tatu ikakuta kiti kimeshakaliwa. Kanuni ya Marekani ni kwamba maombi mawili yakigongana, la kwanza kupokelewa linashughulikiwa kwanza na la pili linawekwa kando. Kwa hiyo nchi inayoitwa chimbuko la kahawa ya arabika ikawa inasubiri nyuma ya mteja wake, kwa jina la ardhi yake.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya nchi maskini iliyoibwaga kampuni kubwa. Sikatai kwamba ndivyo kilivyoonekana. Lakini kwa mtu anayetaka kulinda jina lake ng'ambo, sehemu hiyo ya Daudi na Jaluti ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote. Kilichonivutia mimi ni uamuzi uliofanywa Addis Ababa kabla ombi halijaandikwa: iombwe hati ya aina gani. Humo ndimo ugomvi ulimozaliwa, na humo ndimo yalimotoka mazuri na mabaya yaliyofuata.

Boti ya kwenda Malindi

Kwanza, kwa nini Ethiopia ilihitaji kwenda Washington kabisa? Kwa sababu haki ya alama ya biashara haivuki mpaka. Sisi Watanzania tuna mfano wa karibu mno: cheti cha BRELA, msajili wa Tanzania Bara, hakimlindi mtu Zanzibar. Alama za biashara si jambo la Muungano. Visiwani wana sheria yao na msajili wao, BPRA, na mfanyabiashara wa Kariakoo aliyesajili jina la sabuni yake Bara peke yake, akishuka botini Malindi, kwa hesabu ya alama ameshaingia nchi ya watu. Kama ni hivyo kwa safari ya saa mbili, basi Seattle ndiyo usiseme.

Zipo njia za kupunguza safari. Kenya imo kwenye Mfumo wa Madrid tangu 1998, hivyo mtu wa Nairobi anaweza kuombea nchi nyingi kwa fomu moja akiwa nyumbani. Hata hapo, kila nchi hulipima ombi kwa sheria yake na ina uhuru wa kulikataa. Ethiopia mwaka 2005 haikuwa kwenye mfumo huo, wala haikuwa mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani. Ilibidi iombe nchi moja baada ya nyingine: Marekani, Kanada, Japani, na Ulaya kupitia ofisi ya Umoja wa Ulaya. Kila mlango una ada yake na wakili wake. (Siku hizi Marekani hata haikupi hiari. Tangu Agosti 2019 mwombaji mwenye makazi nje ya nchi lazima awakilishwe na wakili mwenye leseni ya huko.)

Ofisi ya Miliki Bunifu ya Ethiopia, iliyokuwa ikiongozwa na Getachew Mengistie, haikuwa na fedha za vita kama hiyo. Kampuni ya mawakili Arnold & Porter ya Washington iliibeba kesi bila malipo, na shirika dogo liitwalo Light Years IP likasaidia kupanga mkakati. Nalitaja hili kwa makusudi. Watu husoma kisa hiki wakadhani kusajili ng'ambo ni suala la ujasiri. Ukiondoa mawakili wa kujitolea, hesabu inabadilika kabisa.

Hati ipi?

Sheria ya Marekani ilikuwa na milango miwili kwa jina kama Sidamo.

Mlango wa kwanza ni alama ya uthibitisho. Ndiyo inayotumiwa na kahawa ya Jamaica Blue Mountain. Mwenye alama anaweka viwango, kwa mfano kwamba kahawa lazima itoke milima fulani na iwe ya daraja fulani, kisha anathibitisha kwamba bidhaa ya mtu imevifikia. Starbucks ilisema wazi kwamba njia hii ndiyo iliyoiona inafaa, na ikajitolea kusaidia kuijenga. Kwa masikio ya wengi lilikuwa pendekezo la kiungwana. Jina la mahali lilindwe kama jina la mahali, basi.

Sheria yenyewe ukiisoma utaona mtego ulipo. Nchini Marekani mwenye alama ya uthibitisho haruhusiwi kuzalisha wala kuuza bidhaa inayobeba alama hiyo. Tena hawezi kumbagua mtu. Yeyote anayetimiza viwango, lazima apewe. Maana yake unakuwa mkaguzi wa jina lako. Huwezi kumwambia mkaangaji kahawa kwamba hujaridhika na jinsi anavyoitangaza, wala huwezi kuchagua nani auze na nani asiuze. Unapiga muhuri na kukaa pembeni.

Kulikuwa pia na ugumu wa kawaida kabisa. Kahawa ya Ethiopia hutoka kwenye mamilioni ya vishamba vidogo, vingi vikiwa mbali na barabara, na gunia hupita mikono mingi kabla ya kufika mnadani. Kuthibitisha kila gunia kunataka wakaguzi, na wakaguzi wanataka mishahara. Nani angelipa? Mkulima yuleyule aliyekuwa akipata chini ya kumi kwa mia ya bei ya dukani.

Mlango wa pili ni alama ya biashara ya kawaida, kama aliyonayo mwenye kiwanda cha soda. Hapa mwenye jina anaamua. Anatoa leseni kwa anayemtaka na kuweka masharti anayoyaona, akishindwana na mtu anakataa. Ethiopia ikachagua mlango huu. Hoja yake ilikuwa kwamba Yirgacheffe, Harrar na Sidamo kwa mnywaji wa Marekani si alama za ramani. Mtu anayeagiza Yirgacheffe hafikirii mji mdogo wa Wagedeo huko kusini. Anachowaza ni harufu ya maua na ladha ya limau. Anayetafuta Harrar anataka ule mguso wa matunda unaotokana na kahawa ya mashariki kuanikwa na ganda lake. Jina limekuwa ladha, na ladha hiyo ina mwenyewe.

Ulikuwa uchaguzi wa kishupavu na wenye hatari. Sheria ya Marekani haipendi kumpa mtu mmoja umiliki wa neno linaloeleza tu mahali bidhaa inakotoka. Jina la namna hiyo hukataliwa, isipokuwa mwombaji athibitishe kwamba kwa matumizi ya muda mrefu umma umeshalichukua kama kitambulisho cha bidhaa ya chanzo kimoja. Hapo mzigo wa ushahidi unakuwa wako.

Barua ya kupinga

Yirgacheffe ilipita bila vumbi kubwa na kusajiliwa Agosti 2006. Hayo mengine mawili yakakwama. Chama cha Kitaifa cha Kahawa cha Marekani, NCA, ambacho Starbucks ilikuwa mwanachama wake, kiliiandikia USPTO kupinga. Harrar likakataliwa Oktoba 2005. Kwa upande wa Sidamo, Starbucks iliacha ombi lake la Shirkina katikati ya 2006 na kiti kikawa wazi. Kutangulia si kufika. Lakini Ethiopia haikupata hata muda wa kukaa: Agosti mwaka huohuo jina hilo nalo likakataliwa.

Sababu iliyotolewa ndiyo kiini cha sheria ya kisa hiki. Ilidaiwa kwamba Harrar na Sidamo yamekuwa majina ya jumla, yaani jina la aina ya kahawa, kama tunavyosema mchele wa basmati bila kumfikiria mwenye jina. Watu wengi huchanganya hili na kukataliwa kwa sababu ya kueleza mahali, ilhali kuna tofauti ya mauti na ugonjwa. Jina linaloeleza mahali linaweza kutibiwa: leta ushahidi kwamba umma unalitambua kama alama na utasajiliwa. Jina la jumla halina dawa. Hata ukilitumia miaka mia, halisajiliki.

NCA tuitendee haki. Hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Mkaangaji mdogo aliyeandika Sidamo kwenye pakiti miaka ishirini, na ndani ni kahawa ya Sidamo kweli, aliona mbele yake barua ya wakili kwa kosa la kusema ukweli. Sheria ya Marekani inamwachia mtu nafasi ya kueleza bidhaa yake kwa haki, ila nafasi hiyo hujulikana mipaka yake mahakamani tu, na mahakamani ni ghali.

Hata hivyo hoja ya ujumla ilikuwa na ufa ambao mawakili wa Ethiopia hawakuhitaji darubini kuuona. Kama Sidamo ni neno la jumla lisilo na thamani ya kipekee, kwa nini liandikwe kwa herufi kubwa kwenye sanduku la dola 26? Mtu hawezi kulitumia jina kupandishia bei asubuhi, halafu mchana akasema halimaanishi kitu. Hapa ndipo mwombaji aliyeko mbali anapookota ushahidi: kwenye vifungashio vya walewale wanaompinga, orodha zao za bei, matangazo yao. Ethiopia haikuwa na duka hata moja Marekani. Ushahidi wa thamani ya majina yake ulikuwa umepangwa kwenye rafu za wengine.

Nje ya ofisi ya msajili

Oktoba 2006 shirika la misaada la Oxfam liliingia uwanjani na kampeni dhidi ya Starbucks, ikikadiria kwamba umiliki wa majina hayo ungeweza kuiingizia Ethiopia dola milioni 88 zaidi kwa mwaka. Makumi ya maelfu ya watu waliandika barua pepe na kupiga simu. Starbucks ilikana kuchochea pingamizi la NCA na ikaendelea kutetea alama ya uthibitisho. Mwezi uliofuata mkuu wake, Jim Donald, alisafiri hadi Addis Ababa kuonana na Waziri Mkuu Meles Zenawi. Hawakuelewana siku hiyo. Juni 2007 pande mbili zikatangaza mkataba wa usambazaji, uuzaji na leseni, na Starbucks ikakubali kuyatambua majina yote matatu, yaliyosajiliwa na yasiyosajiliwa bado.

Tazama maneno hayo ya mwisho. Mkataba ulifungwa kabla USPTO haijabadili mawazo kuhusu Sidamo. Kisheria mnunuzi mkubwa alitia saini leseni ya jina ambalo msajili alikuwa amelikataa. Na kwa maoni yangu saini hiyo ilikuwa na uzito kuliko cheti, maana ilikata mzizi wa hoja ya ujumla: wafanyabiashara wakubwa wa soko wanapokubali kwamba jina lina mwenyewe, ni vigumu kuendelea kudai ni la kila mtu. Ethiopia ikarudi kwa msajili na vielelezo vya upekee uliopatikana kwa matumizi. Sidamo likasajiliwa Februari 2008, na Harrar nalo likafuata.

Leseni yenyewe haikuwa na mrabaha. Wengi hushangaa wakisikia hivyo: mapambano yote yale, kisha jina litolewe bure? Mpango ulikuwa mwingine. Mwenye leseni alitakiwa kuweka jina waziwazi kwenye kifungashio, kulitangaza na kuwafundisha wateja wake. Mahitaji yakikua, Ethiopia ingekuwa na nguvu mezani ya kudai bei bora ya kahawa ghafi. Ukianza na mrabaha, mkaangaji anafuta jina na kuandika kahawa ya Afrika Mashariki. Pia kwa nchi isiyouza rejareja Marekani, leseni nyingi za bure ndizo zinazoifanya alama ionekane inatumika, na alama isiyotumika huko hufutika.

Mlango wa Tokyo

Japani ilikuwa na kisa chake. Sidamo na Yirgacheffe vilisajiliwa huko mwaka 2006 bila kelele. Kelele zilikuja baadaye, pale Chama cha Kahawa cha Japani kilipoomba usajili ubatilishwe, na mwaka 2009 ofisi ya hataza ya Japani ikakubaliana nacho. Ethiopia ikakata rufaa Mahakama Kuu ya Miliki Bunifu mjini Tokyo, ambayo Machi 2010 ilitengua sehemu ya uamuzi huo. Majaji waliona kwamba kwa mnywaji wa Japani majina hayo yamekuwa kitambulisho cha kahawa bora ya Ethiopia zaidi ya kuwa majina ya mahali, kwa hiyo alama ikabaki hai kwa kahawa itokayo maeneo hayo. Kwa kahawa nyingine, hapana, maana ingempotosha mnunuzi.

Majina yaleyale, hoja ileile, na njia tofauti kabisa ya kufika. Marekani walikataa kwanza wakakubali baadaye. Japani walikubali, wakafuta, wakarudisha nusu. Cheti cha nchi moja hakikuwa na nguvu mbele ya msajili wa nchi nyingine. Anayepanga bajeti ya kusajili ng'ambo aweke fungu la pili kwa ajili ya kutetea, na lisiwe dogo kuliko la kwanza.

Japani hiyohiyo ndiyo inayonifanya nifikirie kahawa yetu. Kule jina Kilimanjaro linajulikana sana. Kwa kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa Japani wenyewe, jina hilo hutumika kwa arabika ya Tanzania isipokuwa ya Bukoba, na mchanganyiko wenye asilimia 30 tu ya kahawa hiyo unaweza kuitwa kwa jina hilo. Kahawa ya Mbinga au Mbozi ikifika huko inakuwa Kilimanjaro. Walioandika kanuni hizo ni wanunuzi. Na Uingereza, miaka hiyohiyo ya kisa cha Sidamo, kampuni moja iliomba kumiliki neno Kikoy. Wauzaji wa Kenya, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft, wakaweka pingamizi na ombi likaachwa. Waliwahi dirisha la kupinga. Madirisha hayo ni mafupi. Marekani ni siku 30 tangu ombi kuchapishwa kwenye gazeti rasmi la alama, ingawa unaweza kuomba nyongeza ukiwahi.

Baada ya shangwe

Je, mkulima alipata zile dola milioni 88? Makadirio yale yalidhani jina litasafiri na kahawa kutoka shambani hadi kwenye kikombe. Lakini mwaka uleule ambao Sidamo ilisajiliwa Marekani, Ethiopia ilianzisha soko lake la bidhaa, ECX, na muda mfupi baadaye ikaagiza kahawa karibu yote ipite humo. Lengo lilikuwa zuri: malipo ya haraka, ulaghai upungue. Lakini humo kahawa ilipangwa kwa eneo na daraja, ikachanganywa, na kumbukumbu ya kituo ilikochakatwa ikapotea. Mkono mmoja wa serikali ulikuwa ukiwaambia wanunuzi wa dunia walipie upekee, na mwingine ukimwaga magunia kwenye rundo moja. Ilichukua hadi 2017 kwa kanuni kulegezwa ili kahawa iweze kufuatiliwa ilikotoka. Usajili haukuwa na kosa hapo, ila jina bila mnyororo nyuma yake linabaki karatasi nzuri.

Lipo pia jambo ambalo mawakili wa Washington wasingeliona. Watu wa eneo lile hujiita Sidama. Sidamo ni jina walilopewa na watawala, likawa jina la jimbo, likawa jina la kahawa, na wengi wao hawalipendi. Novemba 2019 Wasidama walipiga kura ya maoni, na mwaka 2020 wakapata jimbo lao ndani ya shirikisho, lenye jina walilolichagua. Wakaangaji nao wamefuata, na pakiti nyingi sasa zinaandikwa Sidama.

Kwenye daftari la Marekani lakini herufi ya mwisho ni o. Kila baada ya miaka kumi mwenye alama hiyo lazima aape kwamba bado inatumika sokoni, na aambatanishe kifungashio kinachoonyesha hivyo.